Siku Mkuu Mno Alipovunja Baraza

Si zamani na wala si kale. Ni majuzi tu, hata kanga za mwaka ule bado hazijachujuka rangi. Palikuwa na nchi ambayo jina lake halitajwi hapa, si kwa ubaya, bali kwa kuwa wenyewe wenye nchi wamelifungia kabatini lisichakae. Mtawala wake aliitwa Mkuu Mno. Mwanzo alikuwa Mkuu tu, kisha akawa Mkuu Sana, na wasaidizi wake waliposhindwa kupata kinachozidi sana, wakampa Mno, akaridhika.

Katika mji mkuu wa nchi hiyo palikuwa na mtaa wa Mtambuuni, na Mtambuuni ndiko alikoishi Bi Kazija na mumewe, Mzee Dadi. Nyumba za mtaa ule zilisimama bega kwa bega kama watu walio katika safu ya swala, na kila nyumba ilikuwa na baraza lake mbele ya mlango: kiti kirefu cha mawe na chokaa kilichoshikana na ukuta, kimelainika kwa kukaliwa na babu, na baba wa babu. Hapo barazani ndipo watu walipokunywa kahawa, walipoanika dagaa, waliposuka nywele na kushona kofia. Mtoto akipotea aliwekwa barazani na kipande cha mkate mkononi mpaka atokee anayemjua. Mwizi akipita mtaani aliitikiwa salamu na watu wengi mno, hata akaona aibu akaenda kuiba kwingine.

Mzee Dadi alikuwa mshona kofia mpaka macho yalipomwondoka, taratibu, kama taa inayoishiwa mafuta. Lakini hakuwa mtu wa kuhurumiwa. Asubuhi akiamka, mkono wake wa kulia ulishika ukingo wa baraza lake, ukaenda ukingo wa baraza la Bwana Sururu, jirani yake, kisha la Bi Shemsa, kisha la nyumba ya pembeni, mpaka mkono ukagusa ngazi ya msikiti. Kurudi alitumia mkono wa kushoto. Mchana wote alikaa nje akiwatambua watu kwa mburuzo wa kandambili zao. "Wewe Tatu, kiatu cha kushoto kimekatika, kishone!" Na Tatu akacheka, akakishona. Bi Kazija, ambaye nyonga ilikuwa ikimsumbua hata asiweze kumshika mumewe mkono wakafika mbali, alikuwa akimwambia Mungu kila siku: chukua utakacho, baraza niachie.

Siku yenyewe ilikuwa Alhamisi. Wazee walikuwa barazani wanacheza dhumna, Mzee Dadi akiyasoma madoa kwa kidole gumba. Ndani, Bi Kazija alikuwa juu ya mbuzi akikuna nazi. Redio ya Bwana Sururu ikakata muziki katikati.

"Nyamazeni, nyamazeni!" alisema Bwana Sururu. "Mkuu Mno huyo."

Sauti ya Mkuu Mno ilikuwa imevimba kwa hasira. Mawaziri wake walikuwa wamechelewa kumpigia makofi. Si kwamba hawakupiga. Walipiga, lakini mmoja alianza kwanza na wengine wakamfuata, badala ya kupasuka wote kwa pamoja kama watu wenye mapenzi ya kweli.

"Nimechoka na baraza!" alinguruma. "Watu wanakaa barazani tangu asubuhi mpaka jioni, hawana wanalolitenda! Kazi yao ni kutafuna, kusinzia na kusengenyana! Kuanzia saa hii, baraza limevunjwa! Nasema lisibaki hata jiwe moja!"

"Wamepatikana wale," alisema Mzee Dadi. "Sasa watanenepea wapi, maskini?"

"Watanenepea majumbani," alijibu Bwana Sururu. "Cheza bwana, zamu yako."

Bi Kazija akapaza sauti kutoka ndani: "Na nyinyi je? Mnakaa tangu asubuhi, mnatafuna, mnasinzia, mnasengenya. Nani atawavunja nyinyi?"

Wazee wakacheka mpaka dhumna zikamwagika.

"Sisi si mawaziri, Kazija," alisema mumewe. "Sisi tuna haya."

*

Yaliyofuata Bi Kazija alihadithiwa na Bi Shemsa, jirani yake, ambaye kazi yake ilikuwa kupika chai katika ofisi ya Jiji. Na mpika chai husikia kila kitu, kwa kuwa wakubwa hudhani birika na anayelishika ni chombo kimoja.

Asubuhi ya Ijumaa, Mkuu wa Jiji aliwaita maafisa wake wote. Alikuwa amevaa suti ya sherehe, maana agizo la Mkuu Mno ni sherehe.

"Mmesikia agizo," alisema. "Baraza livunjwe. Tunaanzia wapi?"

Kijana mmoja mhandisi, aliyerudi masomoni karibuni na hajajua bado kukaa na watu, aliinua mkono. "Mheshimiwa, baraza lipi? Nadhani amekusudia Baraza la—"

Bi Shemsa akaacha kukoroga sukari.

"Katika hotuba ulisikia neno 'lipi'?" aliuliza Mkuu wa Jiji.

"Hapana, mheshimiwa."

"Ulisikia neno 'nadhani'?"

"Hapana."

"Basi kwa nini unamwongezea Mkuu Mno maneno, kana kwamba aliyo nayo hayatoshi?" Akawageukia wengine. "Amesema lisibaki hata jiwe moja. Mawaziri wana mawe?"

"Hawana, mheshimiwa!"

"Mabaraza ya mitaani yana mawe?"

"Yana!"

"Amesema watu wanakaa, wanatafuna, wanasinzia. Nani asiyeyaona hayo kila akipita mtaani na gari lake? Mkuu Mno hasemi jambo likahitaji kuulizwa. Leteni nyundo."

Kijana mhandisi akahamishiwa idara ya mitaro, upande wa mji usiokuwa na mitaro, akaambiwa aisimamie.

Kisha wakakaa kitako kuandika kanuni, maana hakuna kinachovunjwa katika nchi ile bila kanuni. Baraza, waliandika, ni kitu chochote kinachoweza kupokea makalio ya raia mmoja au zaidi kwa muda wowote. Mwanasheria wa Jiji akatahadharisha kwamba maneno hayo yanaingiza vyote: ngazi, vizingiti, vinu vilivyopinduliwa, mizizi ya miti. "Ndiyo uzuri wake," alisema Mkuu wa Jiji. Na ili pasiwe na upendeleo, yakavunjwa pia mabaraza yasiyokuwa na mawe lakini yenye jina. Likavunjwa Baraza la Mitihani, watoto wakawa hawafaulu wala hawafeli. Likavunjwa Baraza la Idi, watu wakapeana mikono harakaharaka wakarudi majumbani na pilau lao.

Baraza moja tu halikuguswa, nalo ni la mawaziri. Taarifa ya Jiji iliyofika Ikulu ilisema baraza limevunjwa kikamilifu, na Mkuu Mno akaitia saini kwa furaha. Kesho yake alipoingia ukumbini akawakuta mawaziri walewale kwenye viti vilevile, alidhani ni wapya, kwani alikuwa hajawahi kuwatazama nyuso. Akawapongeza kwa kuteuliwa. Safari hii wakapasua makofi wote kwa pamoja.

*

Kikosi cha Utekelezaji kilifika Mtambuuni kikiongozwa na Afisa Mbaruku, na Mbaruku alikuwa mtoto wa mtaa. Mama yake, akienda sokoni, alikuwa akimwacha kwenye baraza la Mzee Dadi na kijiko cha uji. Hapo ndipo alipoota meno. Sasa alikuwa na kofia ngumu na kizibao cha manjano.

"Shikamoo, Bi Kazija."

"Marahaba, Mbaruku. Mama hajambo?"

"Hajambo, anakusalimu sana. Nimekuja kuvunja baraza."

"Kaa kwanza mwanangu, unywe chai."

Mbaruku alilitazama baraza, akawatazama vijana wake waliokuwa na masururu mabegani. "Siwezi kukaa, bibi. Ni ushahidi."

"Ushahidi wa nini?"

"Kwamba linakalika."

Bi Kazija akajifunga kanga vizuri, akasogea karibu, akapunguza sauti kama mtu anayemwambia mwingine kuwa suruali imechanika nyuma. "Mbaruku, yule bwana alikusudia mawaziri. Nchi nzima ilimwelewa."

"Usiseme hivyo, bibi, tafadhali."

"Basi yeye alikosea kusema, au nyinyi mmekosea kusikia?"

"Yeye hakosei. Na sisi hatukosei kumsikia. Ndiyo shida yenyewe."

"Babu yako huyu haoni. Haya mabaraza ndiyo macho yake. Ukiyavunja hamna pa kushika, na mimi nyonga hii, unaijua. Umemvunja yeye."

"Anaweza kuomba asamehewe. Sheria inaruhusu."

"Aombe wapi?"

"Baraza la Rufaa za Ardhi na Nyumba."

"Liko wapi hilo?"

Mbaruku akatazama viatu vyake. "Limevunjwa juzi."

Mzee Dadi alikuwa amesimama mlangoni, kiganja chake juu ya chokaa ya ukingo. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akawageuzia uso vijana wenye masururu. "Anzieni upande wa kushoto," aliwaambia. "Huko chokaa imeoza, halitawapa tabu. Huku kulia alijenga marehemu baba, mtaumia mikono."

Wakaumia mikono. Mpaka adhuhuri lilikuwa kifusi. Wakati wa kuondoka, kijana mmoja akachungulia ndani akaiona mbuzi ya nazi, akaitoa nje akiwa ameishika shingo. Bi Kazija alipiga kelele.

"Hiyo mbuzi! Mbuzi ya kukunia nazi!"

"Unaikunaje?" aliuliza kijana kwa upole.

"Nakaa juu yake, nina—" Akaziba mdomo kwa mkono, lakini neno lilikuwa limekwisha kutoka.

Tangu siku hiyo wanawake wa Mtambuuni walikuna nazi wakiwa wamesimama, na tui likawa jembamba.

*

Kwa kuwa agizo lilikwisha kutekelezwa, ilibidi itafutwe sababu yake. Wataalamu wakaipata upesi. Wakaja wageni kutoka ng'ambo, watu wa shirika moja lenye kupenda miji, na Mkuu wa Jiji akawahutubia katika uwanja uliosafishwa hata majani.

"Mabibi na mabwana!" alisema. "Leo tunazindua Mpango wa Mji Unaokalika! Mji ni kukalika! Mji usiokalika si mji, ni rundo la watu wenye milango! Na ili mji ukalike vizuri, lazima kwanza kukaa kusimamishwe, kukaa kupangwe, kukaa kuwe na viwango! Kwa hiyo kuanzia leo, mpaka vitakapoagizwa viti vyenye hadhi ya taifa, kukaa ni marufuku!"

Wageni wakapiga makofi wakiwa wamesimama, na gazeti likaandika kwamba wageni walisimama kumpa heshima. Hawakuwa na pa kukaa.

Basi vikapandikizwa vibao kila kona: HAPA HAKUNA KUKAA. Askari wa Jiji wakawa wakipita na filimbi. Barabara ya Mtambuuni, iliyopata upana wa mabaraza mawili, ikaingiza magari ambayo hayakuwa na shida yoyote na Mtambuuni. Yalikuwa yakipita tu kwenda kwingine, yakiacha vumbi na honi. Watoto wakarudishwa ndani. Muuza kahawa akahama. Watu waliokuwa wakisalimiana mpaka wakaulizana habari za kuku, sasa wakapishana wakipungiana vidole.

Bi Time wa nyumba ya juu, ajuza wa watu, alikuwa na desturi ya kwenda zahanati kwa kupumzika: baraza hili, kisha lile, kisha lile, mpaka akafika. Siku moja aliondoka kama kawaida yake. Katikati ya njia pumzi zikamwishia, akatafuta baraza, hakuliona, akaketi chini penye jua, na nje hapakuwa na mtu wa kumwona. Aliyemwona wa kwanza ni dereva wa gari la taka, kwa kuwa ndiye peke yake aliyekuwa akilipwa kutazama chini. Walimzika jioni. Askari wa Jiji alifika makaburini na filimbi yake, akawahimiza waombolezaji wasichuchumae.

Na Mzee Dadi? Alijaribu, masikini. Siku ya kwanza baada ya kuvunjiwa alinyoosha mkono wa kulia, ukashika upepo, akapiga hatua, pikipiki ikampitia ubavuni ikimtukana. Bi Kazija akamrudisha ndani. Tangu hapo akawa mtu wa kitandani, uso ukutani.

"Nani yule amepita?" alikuwa akiuliza.

"Gari, bwana."

"La nani?"

"La watu tu."

 Baada ya wiki kadhaa hakuuliza tena, na huko kutouliza ndiko kulikomtisha Bi Kazija kuliko kikohozi.

*

Kisha likaja Zoezi la Kuwatambua Wakaaji.

Vijana nadhifu wenye vishikwambi walipita nyumba kwa nyumba na swali moja. Lakini kabla hawajafika Mtambuuni habari ilikwisha kufika bombani, mahali pekee ambapo wanawake walikuwa bado wanaruhusiwa kusimama pamoja. Bi Shemsa ndiye aliyeileta.

"Jamani, mtaa wa pili huko kuna bwana ameulizwa, 'Unakaa hapa?' Akajibu kwa kujidai, 'Nakaa hapa mimi, na mke wangu, na watoto, na mama mkwe.' Askari walikuwa nyuma ya mlango. Wamempiga faini ya kukaa kwa kikundi!"

"Loo! Na mama mkwe?"

"Mama mkwe kaandikiwa peke yake. Alionekana kakaa zaidi ya wengine."

"Basi sisi," alisema Bi Kazija, "tutawajibu kisheria."

Aliyefika mlangoni kwake alikuwa binti mwenye adabu, mtandio wa rangi ya samli, sauti ya kubembeleza.

"Bibi, mnakaa wangapi humu ndani?"

"Hatukai."

"Hata mmoja?"

"Mwanangu, sisi tunatii serikali. Humu hakai mtu."

Ndani Mzee Dadi akakohoa.

"Na huyo anayekohoa, bibi?"

"Huyo amelala."

"Kwa hiyo hakai?"

"Hakai hata kidogo! Tangu mlipovunja, hajakaa."

Binti akagusa kioo, kikalia ti. "Ahsante sana, bibi. Umejibu vizuri mno."

Bi Kazija akarudi jikoni na furaha ya mtu aliyefaulu mtihani. Jirani zake wote wakafaulu vilevile. Jioni ile Mtambuuni nzima ilicheka kwa mara ya kwanza tangu kuvunjwa, kila mtu nyuma ya mlango wake.

Haukupita mwezi, kikasimamishwa kibao kikubwa mwanzo wa mtaa. Bi Shemsa ndiye aliyekisoma, akapata taabu kukimaliza: ARDHI TUPU. HAKUNA WAKAAJI. HAPA PATAJENGWA MAEGESHO YA MAGARI NA BUSTANI YA MAPUMZIKO YENYE VITI. Chini, kwa maandishi madogo, kulikuwa na jina la kampuni ya shemeji wa waziri, na neno dogo zaidi kwamba viti vitakuwa vya kulipia.

Bi Kazija aliiburuza nyonga yake mpaka ofisini kwa Mbaruku.

"Tupu vipi, Mbaruku, na mimi nimo?"

"Bibi, si mmeulizwa? Mtaa mzima mmesema hakuna anayekaa."

"Tulikuwa tunaogopa faini!"

"Hilo halikuulizwa." Mbaruku alikuwa amekonda, kofia ngumu ilimshuka mpaka kwenye nyusi. "Tingatinga linakuja Jumatatu. Nakuomba, bibi yangu, toeni vyombo mapema, ardhi tupu haina fidia."

Alirudi kwa miguu akisimama kila hatua chache. Njia nzima aliuona ulimi wake mzito mdomoni, kama si wake. Alifika akaketi pembeni mwa kitanda, akamweleza mumewe yote, hakuficha hata kile kicheko cha jikoni.

 Mzee Dadi akageuka, uso ukaacha ukuta.

"Nipe kanzu yangu," alisema. "Na kofia ile ya vito. Niliishona mwenyewe."

*

Jumatatu, tingatinga lilipoingia Mtambuuni, lilimkuta Mzee Dadi amekaa. Alikuwa amekaa juu ya kifusi kidogo cha baraza lake kilichobaki mlangoni, kanzu nyeupe, bakora kati ya magoti. Bi Kazija alimshika bega.

"Mbaruku!" aliita mzee. "Najua upo, nasikia unavyovuta pumzi. Nimekaa. Andika: Dadi anakaa Mtambuuni."

"Babu, inuka, watakukamata."

"Ndiyo nawangojea. Waambie wasikawie, jua kali."

Filimbi zikalia, akakamatwa. Hati ya mashtaka ikaandikwa palepale: kwamba mshtakiwa alikutwa mchana kweupe akikaa Mtambuuni.

Bwana Sururu ndiye aliyeshtuka wa kwanza. Alirukaruka barabarani kama kijana.

"Jamani, mmesikia walichoandika? 'Akikaa Mtambuuni'! Wakimtia hatiani kwa kukaa Mtambuuni, basi Mtambuuni ina mkaaji! Ina mkaaji, si tupu! Na wakimwachia, basi kukaa si kosa, na sisi sote tutakaa! Dadi amewafunga pande zote mbili!"

Hata dereva wa tingatinga akazima injini, akasema atangoja hukumu.

Siku ya kesi mahakama ilijaa. Watu walisimama, kwa kuwa mabenchi yalikwisha kutolewa. Kilichobaki ni kiti cha hakimu, ambacho kisheria hakikuwa kiti bali kitendea kazi. Bi Kazija aliegemea nguzo.

Mwendesha mashtaka, bwana mmoja mwenye miwani ya dhahabu, aliuliza: "Mzee, ulikuwa ukifanya nini pale?"

"Nilikuwa nakaa."

"Unakiri?"

"Nakiri."

"Ulikaa kwa muda gani?"

"Tangu nilipozaliwa," alijibu Mzee Dadi.

Mahakama ikapasuka kwa kicheko na vigelegele. Mwendesha mashtaka naye akafurahi, akamgeukia hakimu: "Mheshimiwa, amekiri kosa, tena la muda mrefu!" Nyuma yake, wakili wa ile kampuni ya maegesho akaruka kama aliyekanyaga moto, akamnong'oneza karani, karani akamnong'oneza hakimu. Hakimu akainuka, akaingia chumbani kwake.

Alikaa huko kwa muda wa chai na vitafunio. Nje Bi Kazija alisikia watu wameanza kupongezana. Bwana Sururu alikuwa amekwisha kugawa nani atajenga baraza lake upande gani. Bi Kazija mwenyewe, Mungu amsamehe, aliona hata chokaa mbichi, aliinusa.

Hakimu akatoka amekumbatia kamusi nene. Akaifungua taratibu, akavaa miwani, akakohoa.

"Mahakama hii," alisema, "imesikitishwa na uzembe mkubwa wa watu katika kutumia lugha yetu. Nchi yoyote inayochanganya maneno inachimba kaburi lake yenyewe. Neno ni mpaka. Anayevuka mpaka wa neno leo, kesho atavuka wa ardhi." Akafunua ukurasa. "Kuna kukaa na kuna kuketi. Kukaa kuna maana nyingi, mojawapo ni kuishi mahali. Kuketi ni kuweka makalio juu ya kitu, basi. Ushahidi wote mbele yetu unahusu makalio. Kwa hiyo mshtakiwa hakukaa. Mshtakiwa aliketi. Hati ya mashtaka inarekebishwa: kila palipoandikwa 'kukaa', pasomeke 'kuketi'. Kwa kuketi Mtambuuni, mahakama inamtia hatiani na kumtoza faini. Ama kwa kukaa Mtambuuni, hakuna ushahidi wowote kwamba yeye, au mtu mwingine, amewahi kukaa huko."

Akagonga nyundo. Huko nje, dereva wa tingatinga akapigiwa simu.

Watu walitoka bila kusukumana. Bwana Sururu alipita na kofia yake mkononi, hakumtazama mtu. Bi Kazija alimchukua mumewe kizimbani, wakashuka ngazi, yeye akichechemea, mzee akipapasa hewani kwa mkono wa kulia. Barabara ilikuwa pana na safi, na mbele hapakuwa na kitu cha kushika mpaka macho yalipokoma.

"Kazija," alisema Mzee Dadi.

"Abee."

"Kumbe wanakijua."

"Wanajua nini, bwana?"

"Kiswahili." Alisimama kidogo apate pumzi, uso wake ameuelekeza kule ambako magari yalikuwa yakitokea. "Nami kila nikiswali nilikuwa nawaombea wafundishwe."